Sifuri Kabla ya Njia Panda

Karani wa mizigo aliifungua kaunta buku yake kwenye ukurasa uliokunjwa pembe, akanigeuzia, akaweka kidole. Safu ya kwanza saa, ya pili namba ya risiti, ya tatu uzito wa mzigo, ya nne pesa iliyodaiwa na kompyuta, ya tano pesa aliyoipiga yeye mwenyewe kwa kalkuleta. Safu mbili za mwisho zilishuka pamoja mstari kwa mstari, halafu katikati ya ukurasa zikaachana.

“Asubuhi inasema kweli,” aliniambia. “Ikifika mchana inaanza kudanganya. Usiku tunazima, kesho yake inaamka na akili zake timamu.”

Kwa wiki mbili nilikuwa nikimjibu kwa simu kwamba jambo hilo haliwezekani. Kanuni ya ada ni ile ile asubuhi na mchana, nilimwambia, kompyuta haichoki. Kila mara alinisikiliza kwa adabu, akakata simu, akarudi kwenye mizani yake na kuendelea kuandika. Siku nilipofunga safari mwenyewe hadi kwenye kaunta yake, kituo cha mabasi, Dar es Salaam, alikuwa amejaza kurasa kumi na moja.

Kampuni niliyoifanyia kazi ilikuwa ndogo, watu sita tu, na ilitengeneza lugha fupi ya kuandikia kanuni za malipo. Mteja anaandika: mzigo ukiwa chini ya kilo kumi ada ni hii, ukifika hapo au kuzidi ni hii; ukivuka mikoa mitatu ongeza; ukiwa wa kuvunjika ongeza tena. Programu yetu inazisoma kanuni hizo na kutoa jumla. Kwa karani mwenye foleni ya watu ishirini, kasi haikuwa tatizo. Lakini tulikuwa na wateja wengine waliopitisha rekodi za mwezi mzima, mamilioni ya mistari, kwa usiku mmoja, na hao ndio waliotusukuma tutengeneze kompaila ya papo kwa papo.

Wengi wetu tunatumia kompaila za namna hiyo kila siku bila kujua. Vivinjari vikubwa vya intaneti vinazo kwa ajili ya JavaScript, na Java inazo tangu miaka ya 1990. Programu huanza kwa kusomwa na mkalimani: anachukua amri moja, anaitekeleza, anachukua inayofuata. Mkalimani huanza kazi hapo hapo, ila ni mzito. Kwa hiyo kila kanuni huwekewa kihesabio pembeni. Ikiitwa mara nyingi inahesabiwa kuwa imepata moto, na hapo kompaila inaamka, inaigeuza kanuni nzima kuwa lugha ya mashine, na kuanzia mwito unaofuata mkalimani anakaa kando. Sisi tulikuwa tumeweka kikomo cha miito 500.

Sasa rudi kwenye safu ya pili ya karani. Jumatatu, mstari wa kwanza kuharibika ulikuwa risiti ya 503. Jumanne ya 502. Jumatano ya 507. Saa zilitofautiana sana, kwa sababu kuna siku watu wanatuma mizigo tangu alfajiri na kuna siku kaunta inapoa mpaka adhuhuri, lakini namba zilikuwa pale pale, juu kidogo ya 500. Mtu asiyewahi kulisikia neno kompaila alikuwa ameupima mpaka kati ya mkalimani wetu na kompaila yetu, kwa kalamu ya wino wa bluu.

Kulikuwa na jambo la pili. Mizigo mizito ilikuwa sahihi siku zote. Myepesi ndiyo iliyotozwa kama mizito. Mstari mmoja ninaukumbuka: kilo tatu na nusu, na pembeni karani ameandika “sare za shule”. Mtu alilipa ada ya gunia kwa ajili ya sare za mtoto. Nilipiga picha kurasa zote kumi na moja, nikamshukuru yule mzee, nikatoka nikiwa na jibu la swali la “lini” na nisijue chochote kuhusu “kwa nini”.

*

Ili nieleze tulichokikuta, sina budi kusema kidogo kuhusu rejista. Prosesa ina memori kubwa nje yake, na ndani yake ina vijisehemu vichache vya kushikia namba inazozifanyia kazi wakati huo. Hivyo ndivyo rejista. Prosesa za x86-64, ambazo ndizo zilizokuwa kwenye kompyuta za kaunta, zina rejista 16 za matumizi ya jumla. Moja lazima ishike kilele cha steki, lile rundo la memori linalotunza data za muda. Sisi tulijitengea mbili nyingine kwa shughuli za ndani, zikabaki 13. Kanuni ya yule mteja ilikuwa na thamani zaidi ya 13 zilizohitaji kuwa hai kwa wakati mmoja: uzito, mkoa wa kutoka, mkoa wa kwenda, aina ya mzigo, viwango vya ada, jumla ndogo kadhaa. Lazima mtu aamue nani akae ndani na nani asubiri nje, na nani atolewe ili mwenzake apate nafasi. Kuamua huko ndiko kugawa rejista, na sehemu ya kompaila inayoifanya kazi hiyo ndiyo niliyokuja kuipenda kuliko zote.

Ni tatizo lenye historia nzuri. Mwaka 1981 Gregory Chaitin na wenzake wa IBM walieleza namna ya kuligeuza kuwa tatizo la kupaka rangi: kila thamani ni nukta, thamani mbili zinazoishi wakati mmoja zinaunganishwa kwa mstari, halafu unapaka nukta rangi bila majirani wawili kufanana. Idadi ya rangi ni idadi ya rejista. Njia hiyo inatoa mgao mzuri lakini inataka muda, na kompaila ya papo kwa papo inafanya kazi huku mwenye shughuli akisubiri. Mwaka 1999 Massimiliano Poletto na Vivek Sarkar walichapisha njia nyepesi zaidi: panga maisha ya kila thamani kama kipande cha mstari, kutoka inapozaliwa mpaka inapotumika mara ya mwisho, kisha pita mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho ukigawa rejista. Ikikosekana nafasi, mmoja anatolewa; katika matoleo ya baadaye ya njia hiyo, maisha yake yanaweza pia kukatwa vipande viwili: kipande kimoja ndani ya rejista, kingine nje. Mgawaji wetu alifuata njia hiyo. Aliyemwandika ni mwenzetu tuliyemwita Dada, kwa kuwa alitutangulia sote kazini na kwa umri, na hata leo sijaona kazi safi kuliko ile.

Ndani ya mgawaji huyo kulikuwa na ujanja mmoja wa busara. Thamani ya kawaida ikitolewa kwenye rejista lazima ihifadhiwe kwenye memori ili irudishwe baadaye. Lakini thamani isiyobadilika, kwa mfano sifuri ya kuanzia jumla, haina haja ya kuhifadhiwa. Itupe. Ikihitajika tena, iunde upya kwa amri moja. Kanuni ya mizigo ilikuwa na sifuri ya namna hiyo: ada ya ziada, inayoanza sifuri na kuongezeka mzigo ukiwa wa kuvunjika.

*

Nilidhani nitalipata kosa jioni ile ile. Nilichukua kanuni ya mteja, nikaiendesha mara elfu moja kwa mzigo wa kilo tatu na nusu, na kweli, miito ya mwanzo ikatoa ada ndogo na iliyofuata ikatoa ada kubwa. Nikafurahi. Nikaongeza mstari mmoja wa kuchapisha uzito kwenye skrini, nione kinachoingia pale kwenye swali la kilo kumi. Kosa likatoweka. Nikaufuta mstari. Kosa likarudi.

Anayefanya kazi hii anakijua kichefuchefu cha dakika hiyo. Siku hiyo sikukielewa, ila baadaye kilikuja kuwa dalili nzuri: kuchapisha ni kuita fankisheni nyingine, na mwito unalazimisha nusu ya rejista zihamishwe kwa sababu mwitwaji ana haki ya kuzitumia. Kwa hiyo kila nilipoweka taa ili nione, mgawaji alipanga upya chumba kizima, na kile nilichotaka kukiona hakikuwepo tena.

Nikampelekea Dada. Akaendesha faili lile lile kwenye kompyuta yake. Sahihi, mara elfu moja kati ya elfu moja.

“Mdogo wangu,” akaniambia, “kwangu haitokei kabisa.”

Siku mbili zilipita hivyo. Kwangu linatokea, kwake halitokei, na nikiligusa linakimbia. Nilianza kumfikiria vibaya mgawaji wake, na nadhani yeye alianza kunifikiria vibaya mimi. Hatukusema. Siku ya tatu asubuhi alikuja mezani kwangu na vikombe viwili vya chai, akakaa, akauliza swali ambalo tulipaswa kuliuliza mwanzoni: “Kompyuta yako ni ya prosesa gani?”

Yangu ilikuwa x86-64, kama zile za kaunta. Yake ilikuwa ARM ya biti 64. Mgawaji wa rejista alikuwa mmoja kwa zote mbili. Kilichotofautiana ni hatua ya mwisho kabisa, ile inayogeuza uamuzi kuwa baiti. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa sawa, na uharibifu ulikuwa kwenye baiti.

Tukaacha kuendesha, tukaanza kusoma. Nilichapa kwenye karatasi lugha ya mashine iliyotolewa kwa kanuni ile, amri kama mia nne, tukaiweka mezani na kushuka nayo kwa penseli, kila mmoja akiandika pembeni nani yuko kwenye rejista gani. Ni kazi ya taratibu mno. Tulipofika chini ya ukurasa wa tatu Dada alisimamisha penseli. Palikuwa na amri tatu zilizofuatana:

cmp eax, 10000
xor ecx, ecx
jl …

Ya kwanza inalinganisha uzito, ambao tuliuweka kwa gramu, na 10,000. Ya tatu inasema: ukiwa mdogo, ruka uende kwenye ada ya mizigo myepesi. Ya katikati inaweka sifuri kwenye rejista ya ecx. Ndiyo ile ada ya ziada, iliyotupwa huko juu na sasa inaundwa upya. Njia zote mbili zilikuwa zinaihitaji, kwa hiyo mgawaji, badala ya kuiunda mara mbili, aliiunda mara moja tu, hapo kabla ya njia panda. Uamuzi wa busara.

Tatizo ni kwamba amri ya cmp haiachi jibu kwenye rejista yoyote kati ya zile 16. Inaacha alama kwenye mahali padogo panapoitwa bendera: biti moja inasema kama tofauti ilikuwa sifuri, nyingine inasema kama ilikuwa hasi, nyingine inasema kama hesabu ilifurika. Bendera hizo zilikuwepo tangu Intel 8086 ya mwaka 1978, na amri za kuruka huzisoma ili kujua ziruke au zisiruke. Na xor nayo huziandika. Namba yoyote ukiifanyia xor na yenyewe unapata sifuri, ndiyo maana watu wanaitumia kusafisha rejista, lakini ikishamaliza inazipanga bendera hizo zote kulingana na jibu lake yenyewe: matokeo ni sifuri, si hasi, hayakufurika. Jibu la swali “je, uzito ni chini ya kilo kumi?” lilifutwa kabla halijasomwa. Amri ya jl huruka pale tu bendera ya hasi inapotofautiana na ile ya kufurika. Baada ya xor zote mbili ni sifuri. Haikuruka kamwe. Kila mzigo ukawa mzito.

Na ARM? Huko sifuri inachukuliwa kutoka kwenye rejista maalumu ambayo daima husomeka sifuri, na kuihamisha hakugusi bendera. Kompyuta ya Dada ilikuwa imesema kweli muda wote.

*

Nilimtazama Dada, kisha nikatazama karatasi, kwa sababu nilijua ile xor imetoka wapi. Niliiweka mimi.

Miezi minane kabla ya hapo nilikuwa nimepewa kazi ya kupunguza ukubwa wa lugha ya mashine tunayoitoa. Kuweka sifuri kwenye ecx kwa amri ya mov kunachukua baiti tano: B9 na sifuri nne. Kwa xor kunachukua mbili: 31 C9. Unaokoa baiti tatu kila mara, na sifuri ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Kompaila zote kubwa za x86 hufanya hivyo. Nikaandika kwenye hatua ya mwisho: kila ukiambiwa uweke sifuri, tumia xor. Majaribio yote yakapita. Wenzangu wakanipongeza, na nilistahili, maana kazi ilikuwa sahihi kila mahali isipokuwa pale ambapo kuna mtu amelinganisha na bado hajaruka.

Dada hakuniambia kitu. Alifungua faili ya mgawaji wake kwenye skrini yangu, akatafuta sehemu inayochagua mahali pa kupenyeza amri za kuhamisha, akasoma kimya kwa muda mrefu. “Hapa,” alisema mwishowe, “nilijua kwamba mov haigusi bendera. Kwa sababu hiyo niliona si vibaya kupenyeza popote, hata kati ya kulinganisha na kuruka. Nililijua, na sikuliandika.”

Nilipinga. Nikamwambia kosa ni la aliyebadilisha. Akatikisa kichwa. “Ungelijuaje? Ungeniota?”

Usiku ule nilimkumbuka mama yangu. Alikuwa fundi cherehani nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, na nilipokuwa darasa la tano alikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana mwenye bidii ambaye hakuweza kuona meza imechafuka. Siku moja mama alipima kitambaa cha sare, akachora mistari ya kukatia kwa chaki, akatoka kidogo kumpokea mgeni. Msichana akaona mezani kuna vumbi la chaki na vipande vya nyuzi. Akakung'uta. Akapangusa kitambaa vizuri, akakinyoosha, akaweka mkasi mahali pake na futi mahali pake. Mama aliporudi akachukua mkasi na kukata moja kwa moja akifuata mkunjo aliodhani ni mstari wake.

Kila kifaa mezani kwa mama kilikuwa na jina na mahali. Mkasi, futi, sindano, kimto cha pini. Mwanafunzi alifundishwa vyote hivyo wiki ya kwanza. Mstari wa chaki hakufundishwa, kwa sababu mstari si kifaa. Unadumu dakika tatu, kati ya kupima na kukata, halafu hauna kazi. Mama hakumgombeza. Alikitazama kitambaa kwa muda, akasema tutapata mikono mifupi, na tangu siku hiyo kila akichora alikuwa anatamka kwa sauti, hata akiwa peke yake: “Nimechora.”

Bendera zetu zilikuwa mstari wa chaki. Orodha ya mgawaji ilikuwa na rejista 13, kila moja kwa jina lake, na kila moja ikiwa na rekodi ya nani anaishikilia kuanzia amri gani hadi amri gani. Bendera hazikuwa kwenye orodha. Hazina mpangaji, zinaishi amri moja au mbili, zinatoweka. Na kwa kuwa hazikuandikwa, kila mmoja wetu alikuwa na picha yake kichwani kuhusu nani anaweza kuzigusa, na picha zote mbili zilikuwa sahihi mpaka zilipokutana.

*

Marekebisho ya kwanza yalichukua dakika kumi: amri yoyote inayopenyezwa na mgawaji itumie mov, baiti tano, bila ubishi. Tuliyatuma kwenye kaunta zote usiku ule ule. Kuna wenzangu waliotaka tuishie hapo, na kwa mteja ingetosha. Dada alikataa, nami nilikuwa upande wake. Kuishia hapo kungekuwa kuandika tena jambo kichwani: “kumbuka, hapa usitumie xor.” Mtu wa saba akiajiriwa hatakumbuka jambo ambalo hakuwahi kuambiwa.

Kwa hiyo tuliziandika bendera kwenye orodha. Zikawa rejista kama nyingine, zenye maisha yenye mwanzo na mwisho. Kila amri katika jedwali letu ikatakiwa kutamka: ninasoma bendera, ninaziharibu, au sizigusi. Mgawaji akitaka kuunda sifuri, anauliza kwanza kama bendera ziko hai mahali hapo. Zikiwa hai, mov. Zikiwa zimekufa, xor, na baiti zetu tatu tunazipata. Kujaza jedwali kulituchukua siku nne, na siku ya pili tulikuta amri nyingine mbili zilizokuwa na hatari ile ile, zikisubiri kanuni ndefu ya kutosha. Moja ilikuwa ya kujumlisha, iliyotumiwa kusogeza kilele cha steki. Ile ilinitisha zaidi ya yote.

Baadaye, nikisoma msimbo wa LLVM, kompaila iliyoanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, nilikuta sehemu yao ya x86 inafanya jambo hilo hilo: sifuri ikiundwa upya wanakagua kama bendera ziko hai, na zikiwa hai wanarudi kwenye mov. Nilikaa nikiitazama mistari ile michache kwa furaha ya pekee. Watu nisiowajua, mbali kabisa, walikuwa wamesimama kwenye njia panda ile ile. Nilijifunza pia kwamba wabunifu wa RISC-V waliamua kutokuwa na bendera kabisa; kwao kulinganisha na kuruka ni amri moja, na hakuna pengo la mtu kupita katikati.

Lakini swali lililonikosesha usingizi lilikuwa jingine: kwa nini majaribio yetu hayakuliona? Tulikuwa na majaribio mengi. Nilipoyapitia nikakuta kila moja linaita kanuni mara tatu au nne. Kikomo kilikuwa 500. Karibu yote yalikuwa yakimjaribu mkalimani. Machache yaliyoifikia kompaila yalikuwa ya kanuni fupi zenye thamani nne au tano, ambazo zinaenea kwenye rejista 13 bila mtu kutolewa. Tulikuwa tumejaribu chumba chenye wageni watano na kusema nyumba inatosha.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza programu yao, Csmith, inayotunga programu za C kwa bahati nasibu na kulinganisha majibu ya kompaila mbalimbali. Waliripoti makosa zaidi ya 325 ambayo hayakuwa yamejulikana. Tuliiga wazo hilo kwa kiwango chetu. Tulitunga kanuni za ovyo ovyo, ndefu, zenye njia panda nyingi, tukaziendesha kwa mkalimani na kwa kompaila, tukalinganisha majibu. Kwa ajili ya majaribio tuliweka kikomo cha miito kuwa 1, ili kompaila iamke hapo hapo, na Dada akaongeza jambo ambalo bado naona ni la akili sana: tulimdanganya mgawaji kwamba prosesa ina rejista tatu tu. Kila thamani ikawa inagombea nafasi. Kila mwito ukawa na kutoana, kukata, kuunda upya. Usiku wa kwanza zana hiyo ililipata kosa letu la zamani, kwenye tawi la msimbo ambalo hatukuwa tumelirekebisha, ndani ya dakika mbili.

*

Kulikuwa na pesa za watu. Tungeweza kukadiria kutoka kwenye risiti, lakini risiti hazikuwa na namba za simu. Kaunta buku ilikuwa nazo. Kila alipoona tofauti, yule karani alikuwa amemwomba mteja namba na kuiandika pembeni, akimwambia kwamba kuna hesabu haijakaa sawa na atapigiwa. Alikuwa akiwaahidi hivyo wiki zile zile mbili ambazo mimi nilikuwa nikimwambia haiwezekani. Mteja wetu aliwarudishia watu wote waliokuwa kwenye orodha, na kampuni yetu ikabeba gharama.

Nilirudi kituoni wiki tatu baadaye, mchana, saa ambayo zamani mambo yalikuwa yameshaharibika. Nilimsalimu shikamoo, akanisogezea benchi nyuma ya kaunta. Mwanamke mmoja aliweka boksi kwenye mizani, kilo sita na gramu mia mbili, kwenda Iringa. Printa ikatoa risiti. Nilichungulia namba: 588. Ada ilikuwa ya mzigo mwepesi.

Karani alimpa mwanamke risiti yake, akapokea pesa, akarudisha chenji. Kisha akavuta kaunta buku, ambayo sasa ilikuwa mpya, ya kijani, akaandika saa, akaandika 588, akaandika uzito, akachukua kalkuleta.

“Mzee, tumeshairekebisha,” nilimwambia.

“Najua, mwanangu. Ulinieleza vizuri.” Alibonyeza namba za mwisho, akaangalia jibu, akaliandika kwenye safu ya tano bila haraka, akageuka kumsikiliza aliyefuata.